Kivoi wa Mwendwa: Tajiri wa Kitui aliyemwonyesha mgeni Mlima Kenya

AGOSTI 27, 1851, katika nyika iliyo karibu na Mto Tana, msafara mdogo uliotoka Kitui ulivamiwa na majambazi. Mishale ilipokwisha kuruka na vumbi kutulia, mzee mmoja alikuwa amelala chini bila uhai, na wengi wa watu wake walikuwa wametoweka msituni.

Mzee huyo alikuwa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara aliyejulikana kuanzia miteremko ya Mlima Kenya hadi Mombasa. Kando yake siku hiyo alikuwapo mgeni wake, mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, ambaye alinusurika.

Mgeni alirudi hai ilhali mwenyeji amekufa. Kwa Wakamba wa zama hizo, hilo halikuwa jambo la kupita hivihivi. Lilikuwa kesi.

Leo watoto wa shule hufunzwa jina la Krapf kama Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Jina la Kivoi hutajwa kwa mstari mmoja, na mara nyingine halitajwi kabisa. Hata hivyo, bila Kivoi, yamkini Krapf angerudi Rabai bila kuuona mlima huo, wala kulisikia jina ambalo hatimaye lilikuwa la nchi nzima.

Kivoi anakadiriwa kuwa alizaliwa katika miaka ya 1780, na makao yake yalikuwa Kitui. Alizaliwa katika jamii iliyokuwa bado inaenea na kutafuta ardhi.

Kwa mujibu wa masimulizi ya Wakamba, watu wa kwanza waliwekwa duniani na Mulungu juu ya mwamba wa Nzaui, katika eneo ambalo sasa ni kaunti ya Makueni. Wazee husema kwamba nyayo zao zingali zinaonekana kwenye jiwe. Kutoka huko jamii ilipanda hadi milima ya Mbooni, ambako palikuwa na mvua, chemchemi na usalama.

Mbooni ilipojaa, familia zilianza kutawanyika. Baadhi zilivuka Mto Athi kuelekea mashariki na kufanya makao Kitui. Huko ardhi ilikuwa tele, lakini mvua ilikuwa ya bahati nasibu.

Tofauti hiyo ya mvua ndiyo iliyomzaa Kivoi wa historia. Aliyebaki Mbooni aliweza kutegemea jembe. Aliyehamia Kitui alilazimika kutegemea pia uta, mifugo na miguu yake.

Njaa iliyozaa biashara

Wakamba wana neno kuthuua, yaani kwenda kutafuta chakula kwa majirani wakati wa ukame. Mtu alibeba alichokuwa nacho, akavuka mito na mipaka ya makabila, akabadilishana na wenye nafaka, kisha akarudi kuwalisha wanawe.

Safari hizo za shida ndizo zilizowafunza Wakamba njia, lugha na tabia za majirani. Walijuana na Wakikuyu, Waembu na Wameru upande wa kaskazini na magharibi, na Wamijikenda upande wa pwani. Familia nyingine zilihamia huko huko pwani, mathalan Rabai na Duruma, na kuwa daraja baina ya bara na bahari.

Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 19, mahitaji ya pembe za ndovu yalikuwa yameongezeka mno. Sayyid Said wa Oman alikuwa ameitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837 na kuhamishia makao yake Unguja. Meli za Marekani, Ulaya na Bara Hindi zilitaka pembe, nao Wakamba walikuwa wawindaji hodari wa mishale ya sumu.

Biashara ya chakula ikageuka kuwa biashara ya pembe. Misafara ya mamia ya watu ilianza kushuka kutoka Ukambani hadi pwani ikiwa imebeba pembe za ndovu na vipusa. Ilirudi na nguo, ushanga, nyaya za shaba na chumvi.

Katika misafara hiyo hakuna jina lililovuma kuliko la Kivoi.

Mkuu asiyekuwa chifu

Vitabu vingi humwita Kivoi chifu. Cheo hicho kinapotosha. Wakamba hawakuwa na machifu kabla ya serikali ya Waingereza kuwateua.

Utawala ulikuwa mikononi mwa wazee. Kila utui, yaani kijiji na majirani zake, ulikuwa na nzama, baraza la wazee lililoamua mashauri ya mahari, mipaka, madeni na damu iliyomwagika. Wazee wa daraja la juu zaidi walisimamia ithembo, mahali patakatifu chini ya miti mikubwa, ambapo sadaka zilitolewa wakati wa kuomba mvua au kukinga maradhi.

Shauri lililowashinda wazee lilipelekwa kwa kiapo cha kithitu. Iliaminika kwamba anayekula kiapo hicho kwa uongo hufa, tena huwaponza jamaa zake. Hofu ya kithitu ilifanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na askari na magereza.

Katika mfumo kama huo, mtu hakuzaliwa mkuu. Alijijenga. Krapf aliyeishi miongoni mwao aliandika kwamba Mkamba alipata uwezo juu ya wenzake kwa utajiri, kwa ufasaha wa kunena, kwa umbo lenye haiba, na hasa kwa kusifika kuwa mganga na mtu wa kuleta mvua.

Kivoi alikuwa na sehemu kubwa ya hayo. Alikuwa na mifugo, wake, watumwa na wafuasi wengi. Alijua kusema na watu wa lugha mbalimbali, na sifa za uganga zilimfuata kila alipokwenda.

Aidha, alikuwa kiongozi wa misafara. Wakamba walimwita kiongozi wa aina hiyo muthiani, neno lililotumika pia kwa kiongozi wa uwindaji na wa vita. Kazi zote tatu zilitaka sifa zilezile: kujua njia, kujua maji yalipo, kujua nani ni rafiki na nani ni adui.

Safari haikuanza kienyeji. Mundu mue, yaani mganga mwenye kupiga ramli, aliulizwa kama siku ni njema. Dawa za kinga ziliandaliwa. Muthiani aliyerudisha vijana wote nyumbani wakiwa na mali aliongezewa heshima. Aliyewapoteza aliulizwa na mama zao.

Heshima hiyo ilikuwa na sharti lake. Tajiri aliyekula peke yake alitiliwa shaka, na aghalabu angeshukiwa kuwa na uoi, yaani uchawi. Mali ilitakiwa ionekane ikitoka: mbuzi wa kuchinjia wageni, ng'ombe wa kuwaazima maskini, mahari ya kumsaidia kijana asiye na baba.

Yapo pia ambayo hayapendezi kusimuliwa. Krapf aliwataja watumwa katika boma la Kivoi. Biashara ya pembe na biashara ya binadamu zilipita njia moja katika karne hiyo, na mkubwa huyu wa Kitui hakuwa mbali na njia hiyo. Kumkumbuka kwa haki ni kulikumbuka na hilo.

Wala hakufanya yote kwa mikono yake. Wanaume walipokuwa safarini kwa miezi, wanawake ndio waliolima, waliochota maji mbali na waliolinda ghala. Wao pia ndio waliocheza ngoma ya kilumi, ngoma ya mizimu na mvua. Utajiri wa msafara ulisimama juu ya jembe la mwanamke.

Mgeni kutoka Rabai

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na chama cha wamishenari wa Kianglikana cha Uingereza. Mwaka huohuo alimzika mkewe na mtoto wake mchanga. Mwaka 1846, pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, alianzisha kituo Rabai.

Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro Mei 1848. Krapf naye alitamani kufika Ukambani, kwa kuwa alisikia kwamba wafanyabiashara wa huko walijua nchi za ndani kabisa. Alinuia kupanda mlolongo wa vituo vya dini kuvuka bara.

Alitoka Rabai mwanzoni mwa Novemba 1849. Alipita nyika kavu, akavuka eneo la Kikumbuliu, ambalo leo liko Makueni, kisha akapanda Yatta na kuendelea hadi Kitui. Novemba 26 alifika kwa Kivoi.

Kivoi alimpokea. Mwenyeji alikuwa na sababu zake. Mgeni aliyetoka pwani alikuwa mtu wa kufungua milango kule pwani, na mkubwa yeyote aliyekaribisha mtu wa ajabu aliongeza jina lake mbele ya majirani.

Mgeni naye alikuwa na sababu zake. Alihitaji mtu mwenye kauli ambaye angemwezesha kupita salama. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ngazi, na juu ya hesabu hiyo ndipo urafiki wao ulipoota.

Katika mazungumzo yao, Kivoi alimweleza kwamba alikuwa amefika Uchagani na kuuona mlima mweupe wa huko. Lakini, alisema, upo mwingine mkubwa zaidi, mwendo wa siku sita hivi kutoka kijijini kwake. Aliutaja kwa jina ambalo Krapf aliliandika kwa namna alivyolisikia, nalo likawa mwanzo wa jina Kenya.

Wakamba waliuita mlima huo Kii Nyaa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba jina hilo linatokana na mbuni dume, kwa kuwa miamba myeusi iliyochanganyika na theluji nyeupe ilifanana na manyoya yake. Wakikuyu wanaoishi chini ya mlima huohuo huuita Kirinyaga.

Kwa siku kadhaa mawingu ya msimu wa mvua yaliuficha. Desemba 3, 1849, Krapf alipokuwa akianza safari ya kurudi, anga ilifunguka. Kutoka mahali pa juu huko Kitui aliona vilele viwili vikisimama kama pembe, na weupe kando yake.

Kivoi alikuwa amependekeza mgeni asubiri ili waende pamoja ng'ambo ya Tana, kisha wateremke wote hadi Mombasa na pembe. Krapf aliona muda hautoshi, akaondoka.

Habari zake zilipofika Ulaya, baadhi ya wasomi walizikataa. Mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kukanyaga sehemu hizo, alipinga kwamba kungeweza kuwapo theluji karibu na ikweta. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya Joseph Thomson kuuona mlima huo mwaka 1883 na kuthibitisha. Halford Mackinder alifika kileleni mwaka 1899.

Katika ubishi huo wote, wabishi hawakuwa na haja ya kumuuliza mfanyabiashara wa Kitui, ingawa yeye aliujua mlima huo.

Safari ya mwisho

Krapf alirejea Ukambani Julai 1851. Safari hii alikusudia kujenga kituo Yatta. Mambo hayakwenda alivyotaraji. Wapagazi walimwacha, nyumba haikujengwa, nao usalama ulikuwa haba. Akaamua kwenda kwa rafiki yake.

Kivoi alikuwa akijiandaa kwenda Tana, kwa kuwa ng'ambo ya mto huo alikuwa na mambo ya biashara na pembe za kuchukua. Krapf alitaka kuuona mto wenyewe. Wakafuatana mwishoni mwa Agosti.

Kundi lao halikuwa kubwa kama misafara ya kwenda pwani. Walipokaribia mto ndipo wavamizi walipotokea.

Krapf alikuwa na bunduki. Aliifyatua mara mbili, lakini hewani, kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu kumwaga damu ya binadamu. Mlio huo haukutosha. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake, na waliosalia wakatawanyika.

Mmishenari alijikuta peke yake porini. Kiu ilimlazimu kuutafuta mto ambao alikuwa ameusafiria kwa hamu. Aliufikia Tana si kama mvumbuzi, bali kama mtu anayekimbiza roho yake. Alipokunywa na kutosheka hakuwa na kibuyu, hivyo akajaza maji katika kifuko cha darubini na katika mitutu ya bunduki.

Kisha alianza kurudi, akitembea usiku na kujificha mchana.

Hukumu ya wenyeji

Kilichomngoja Kitui kilikuwa kigumu kuliko njaa. Jamaa za Kivoi walimtupia lawama. Iweje mgeni arejee na mwenyeji abaki? Kama alikuwa rafiki, mbona hakumkinga? Na kama hakuweza kumkinga, mbona hakufa naye?

Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuwaona watu hao kuwa wakatili. Ila kwa sheria yao, maswali hayo yalikuwa ya haki. Watu waliosafiri pamoja walikuwa kama ndugu. Aliyekula chakula cha mtu na kulala katika boma lake alikuwa ameingia katika ulinzi wake, na ulinzi huo ulikuwa wa pande mbili.

Fauka ya hayo, mgeni huyu alikuwa na bunduki. Kwake, kupiga hewani kulikuwa utii kwa Mungu. Kwao, ilikuwa bunduki iliyokaa kimya rafiki akiuawa. Maadili mawili yalikutana juu ya maiti moja, na hakuna baraza lililokuwa na lugha ya kuyapatanisha.

Pia damu ya mtu ilikuwa na fidia kwa desturi ya Wakamba. Ukoo wa muuaji ulilipa ng'ombe kwa ukoo wa marehemu, na jambo likaisha bila kisasi. Lakini wauaji wa Kivoi walikuwa majambazi wa porini. Hapakuwa na ukoo wa kudai, wala wazee wa upande wa pili wa kukaa nao chini ya mti. Aliyekuwapo mbele ya macho yao alikuwa mgeni tu.

Krapf alihofia maisha yake, akatoroka usiku. Baada ya mateso ya njaa na kiu alifika Yatta, na hatimaye Rabai, Septemba 1851. Hakurudi tena Ukambani, na kituo alichokiota Yatta hakikujengwa.

Kuhusu Kivoi, msiba wake ulikuwa na uzito mwingine. Kwa Wakamba wa wakati huo, si kila maiti ilizikwa. Wengi waliachwa porini, na kaburi lilikuwa heshima ya wazee na watu wakubwa. Mtu aliyestahili heshima hiyo kuliko wengi aliangukia ugenini, mbali na boma lake na mbali na ithembo ya wazee wake.

Baada ya Kivoi

Enzi aliyoiwakilisha haikudumu sana. Ndovu walipungua Ukambani kwa kuwindwa. Waarabu na Waswahili wa pwani, waliokuwa wamewangoja Wakamba walete pembe, walianza kupanga misafara yao wenyewe hadi bara. Katika miongo iliyofuata, nafasi ya Wakamba kama madalali wakuu wa njia hiyo ilififia.

Mwishoni mwa karne, Waingereza walifika na machifu wa kuteuliwa. Uongozi uliopatikana kwa kuwarudisha watu salama na kwa kugawa mali ukapewa mshindani mpya: uongozi wa barua ya serikali. Mwaka 1920, himaya ya Afrika Mashariki ilibadilishwa kuwa Koloni la Kenya, na jina la mlima likawa la nchi.

Krapf alifariki Ujerumani mwaka 1881. Ameacha kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka uliofuata, ambayo wanaisimu wangali wakiirejelea. Ameacha pia kitabu cha safari zake, na ni humo ambamo sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu Kivoi imehifadhiwa.

Hiyo ni ajabu ya historia hii. Yule aliyelaumiwa kwa kutokufa na rafiki yake ndiye aliyelihifadhi jina la rafiki huyo. Lau wote wawili wangeangukia Tana, huenda Kivoi angebaki katika masimulizi ya ukoo tu.

Lakini kalamu ya mgeni ina upeo wake. Ilimwona Kivoi pale tu alipopita mbele ya macho yake: siku chache za mwaka 1849 na wiki chache za 1851. Zaidi ya miaka 60 ya mtu huyo, pamoja na njaa alizovuka, vijana aliowaongoza na mashauri aliyosikiliza, haikuwa na mwandishi.

Kumbukumbu ya miaka hiyo ilikaa vinywani mwa wazee wa Kitui na Makueni. Kila mzee anayezikwa bila kuulizwa huondoka na sehemu yake.

Maadili aliyoishi nayo Kivoi hayajatoweka. Mwethya, ule ushirika wa majirani kulima au kujenga kwa zamu, ungali unaonekana katika mabwawa ya mchanga na matuta ya kuzuia mmomonyoko katika kaunti zote mbili. Safari ya kwenda mbali kuwatafutia watoto chakula nayo ingaliko, ingawa siku hizi mtu hupanda basi la Mombasa au Nairobi, naye hutarajiwa arudi na kitu cha kugawa.

Na asubuhi ya anga safi, kutoka vilima vya Kitui, vilele viwili vyeusi vyenye weupe kando yake huonekana kaskazini-magharibi, mahali palepale ambapo Kivoi alimwambia mgeni wake atazame.